Barafu, Aga na Nauli ya Daladala: Hotuba ya Mgeni Rasmi kwa Wanafunzi wa Sayansi

  

Nianze na pongezi, maana ndizo zilizotukusanya hapa. Vijana mnaotunukiwa leo, hongereni sana. Daraja la kwanza katika kemia, fizikia au hisabati halipatikani kwa kubahatisha. Na ninyi wazazi mliouza mpunga kabla bei haijapanda ili mtoto awahi kusajiliwa, hongereni zaidi. Kina mama, mbona sijasikia vigelegele? Haya, hapo sawa.

Kabla ya kuingia ukumbini nilimwomba Rasi wa Ndaki ya Sayansi anipitishe maabara ya mikrobiolojia. Mimi ni mkemia mstaafu, na sisi watu wa maabara hatuwezi kupita mlangoni bila kuchungulia ndani. Nikamkuta binti wa mwaka wa tatu ameinamia visahani vyake, anahesabu madoa ya bakteria mojamoja na kuyatia alama kwa kalamu ya wino mzito. Anapima maji ya visima vya Mbagala: yapi yana vimelea vya kinyesi, yapi yako salama. Nikamwomba daftari. Kurasa za mbele zina majedwali safi yaliyopigwa rula. Ukurasa wa mwisho una bajeti. Chupa za sampuli. Glovu. Barafu ya mfuko kutoka kwa mama mwenye friza, kwa sababu maji ya kupima bakteria yakipata joto njiani hesabu yote inaharibika. Nauli ya daladala kwenda na kurudi, na chini yake, kwa maandishi madogo, nauli ya kasha la barafu, kwa kuwa konda alisema mzigo ule umekaa nafasi ya abiria.

Pendekezo lake la utafiti lilisema visima 30. Alivyopima ni 12. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mzee, aga iliisha."

Kwa wazazi wasioifahamu, aga ni unga unaochemshwa pamoja na virutubisho, ukamiminwa kwenye visahani na kuganda, ili bakteria waote juu yake na kuhesabika. Kopo lake ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi, kwa hiyo wananunua kwa kuchangishana na kugawana kwa mizani. Fungu la binti huyu liliishia kwenye kisima cha 12. Kwa visima 30 angeweza kumpelekea mwenyekiti wa mtaa orodha yenye maana: hapa watu wachemshe, hapa kisima kifungwe. Kwa 12 ataandika ile sentensi ambayo wahadhiri mmeisoma mpaka mmeichoka, kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Wala hakuachwa mikono mitupu. Mkopo amepata, tena asilimia mia. Sisi wa zamani tulisomeshwa bure. Uchangiaji wa gharama ukaja miaka ya 1990, kisha Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo pia Ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, na huo haudaiwi. Mambo haya ni makubwa na sitaki mtu atoke hapa akisema mgeni rasmi ameyabeza. Ada ikilipwa, mtu hubadilika, na historia ya ukanda wetu inao ushahidi. Mwaka 1960 Wangari Maathai alipanda ndege kwenda Marekani katika ule mpango wa Tom Mboya wa kuwapeleka vijana kusoma huko, ambao safari yake ya kwanza mwaka 1959 ilibeba vijana 81. Akasoma biolojia katika chuo kidogo cha Kansas, akahitimu mwaka 1964. Yaliyofuata mnayajua.

Ila mkopo na ufadhili kazi yao kubwa ni kumweka mwanafunzi darasani akiwa ameshiba. Kipengele cha utafiti kimo kwenye mkopo, ni kweli, lakini kimo kama deni. Maana yake ni kwamba binti wa visima anakopa ili atuambie maji yetu yana nini, na siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize kulipa. Jibu la maji ya Mbagala linawafaa watu wa Mbagala, na bili yake inakwenda kwa mtoto wa mkulima.

Na ukitafuta fedha za utafiti zisizo za kukopa, matangazo mengi yanaanza na sharti la shahada ya umahiri au uzamivu. Chini ya ngazi hizo mambo ni mazuri kwa namna nyingine. Wanafunzi wa sekondari wana mashindano ya Young Scientists Tanzania tangu mwaka 2011, na washindi wamekuwa wakisomeshwa chuo kikuu na Taasisi ya Karimjee Jivanjee. Serikali nayo ilianzisha MAKISATU mwaka 2019, ambako wabunifu wa ngazi mbalimbali wanashindana. Kwa hiyo kijana wa kidato cha tatu anasimama mbele ya majaji na swali lake mwenyewe, analitetea, anapigiwa makofi. Anaingia chuo kikuu. Kisha miaka miwili mizima anafanya majaribio ambayo majibu yake yalishaandikwa kwenye mwongozo kabla hajazaliwa! Anapofika mwaka wa tatu na kuruhusiwa tena kuuliza, anaambiwa aga ajitafutie.

Swali la mwanafunzi likipata msaada mapema hufika mbali, na mfano ninao. Mwaka 1963, huko Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalitakiwa yachemshwe, yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ya kugombea, akayaingiza yakiwa ya moto. Ya kwake yakaganda kabla ya ya mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa tena, mpaka siku ambayo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alikwenda kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akanyanyuka akauliza kwa nini maji ya moto yagande kabla ya yaliyopoa. Darasa likaangua kicheko. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli ya moto yametangulia, kisha akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mafundi sanifu mlio hapa, msikasirike. Osborne mwenyewe ndiye aliyesimulia. Makala yao ikachapishwa Uingereza mwaka 1969, jina la Mpemba likitangulia, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo hilo.

Wasemaji wa majukwaani hupenda kuitumia habari hii kuwaambia vijana wasikate tamaa. Mimi naitazama kwa jicho la mhasibu. Kazi ile ilihitaji nini? Vyombo vidogo vya kioo, kipimajoto, friji, muda wa fundi, na mhadhiri aliyekubali kwamba swali la mwanafunzi linastahili umeme wa chuo. Hapakuwa na shindano wala hundi. Msaada ulikuja wakati jibu halijulikani bado, na wakati karibu kila mtu mwenye elimu aliamini kijana amekosea.

Mwaka huohuo wa 1969, chuo cha MIT kule Marekani kilianzisha mpango wa wanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya utafiti pamoja na wahadhiri wao, na siku hizi wapo wanaopata alama za masomo na wapo wanaolipwa. Aliyeusimamia ni mwanafizikia Margaret MacVicar. Wazo lilichochewa na hotuba aliyoitoa hapo mwaka 1957 Edwin Land, mwenye kampuni ya Polaroid, ambaye baadaye alisaidia pia kwa fedha. Miaka 12 kutoka hotuba hadi utekelezaji! Ninyi viongozi wa chuo nawaomba mwende kasi zaidi kidogo.

Sasa nizungumze na wafadhili, tena nitazungumza kama mtu wa nyumbani. Zawadi zenu ni nzuri na tutazikabidhi. Lakini ile hundi ya kadibodi, inayobebwa na watu wawili ili ipigwe picha, inamfikia mwanafunzi akiwa amekwisha kumaliza. Tuzo hulipa kazi iliyokwisha kufanyika. Nawaombeni, mwakani, sehemu ya fedha hizo iende kwenye ruzuku ndogondogo za utafiti wa mwaka wa tatu. Msizikusanye zote kwa mshindi mmoja. Zigawanyeni kwa wengi, na ziingie kabla ya muhula wa utafiti kuanza. Ruzuku inayoingia wiki ya kufunga ripoti ni zawadi ya kuhitimu tu. Msidai fomu ya kurasa 20 kwa fedha ya kununulia barafu. Stakabadhi daini, hilo ni haki yenu, ingawa yule mama mwenye friza hana kitabu cha risiti, na chuo kitafute namna ya kulikubali hilo kwa saini.

Na msichague kwa GPA peke yake. Nasema haya mbele ya wenye GPA kubwa, na naona baadhi yenu mmenuna. Kufaulu mtihani ni kipaji, na kuvumilia jambo lisilo na jibu ni kipaji kingine. Mara nyingi vinakaa kwa mtu mmoja, lakini si lazima. Someni swali la mwombaji kwanza, halafu ndipo mfungue matokeo yake. Tena kubalini mapema kwamba baadhi ya tafiti hizi zitaleta jibu la "hapana, haikufanya kazi". Mwanafunzi aliyepima dawa ya asili akakuta haiui kitu amefanya kazi yake sawasawa, na alipwe bila kunung'unikiwa.

Wanafunzi, kwenu ni fupi. Bajeti ya utafiti huandikwa kabla ya kuanza, wala si ukurasa wa mwisho wa daftari. Weka bei ulizoulizia dukani, usiziokote mtandaoni. Usiongeze cha juu. Wanaosoma hizo fomu walikuwa wanafunzi pia, na bei ya glovu wanaijua.

Mheshimiwa Makamu Mkuu, mimi na wastaafu wenzangu kadhaa tumechanga kilichopatikana. Si kingi. Tumekubaliana na Ndaki kwamba kitatumika kwa wanafunzi wanaoingia mwaka wa tatu: fomu ya ukurasa mmoja, swali lako, vitu unavyohitaji na bei zake, saini ya msimamizi na ya fundi sanifu utakayefanya naye kazi. Saini ya fundi ni sharti letu na halijadiliwi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kama mashine inayotajwa kwenye pendekezo bado inawaka. Kampuni inayotaka kuongeza chochote, Rasi yupo, nami nipo mpaka saa ya chakula. Fomu zinapatikana kwa katibu wa Ndaki kuanzia leo, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Atakayechelewa asinipigie simu, hata kama ni mjukuu wangu, na yumo humu ukumbini.

Baada ya kusema hayo, niko tayari kukabidhi zawadi. Mshereheshaji, karibu uite jina la kwanza.