Maktaba ya Mtaa Hujengwa na Nani?



Leo nazungumza juu ya maktaba moja ya mtaa wa watu weusi katika mji wa Louisville, Marekani.

Mwaka 1905 mji ule ulifungua maktaba ya umma. Ilikuwa ya umma kwa jina tu, maana mtu mweusi alizuiwa mlangoni. Mwalimu mkuu mmoja mweusi, Albert Meyzeek, akawakabili wakubwa wa maktaba, akadai haki ya watu wake. Mwaka ule ule wakapewa vyumba vitatu vya kupanga katika nyumba ya mtu. Mwaka 1908 wakahamia katika jengo lao la matofali, lililojengwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie.

Tajiri huyo alitoa fedha za maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Lakini tusisahau zilikotoka. Mwaka 1892 wafanyakazi wa kiwanda chake cha chuma huko Homestead walifungiwa nje, watu wakauawa katika mapigano, na chama chao kikavunjwa. Fedha zile zilikuwa jasho la watu, zikarudi kwa watu kwa jina la sadaka.

Tena Carnegie alitoa jengo tu. Kiwanja na gharama za kila mwaka ziliubakia mji wenyewe. Basi ni nani aliyeifanya nyumba ile iwe maktaba? Ni Thomas Fountain Blue, msimamizi wake mweusi tangu 1905 mpaka alipofariki mwaka 1935. Watoto walisimuliwa hadithi, wakubwa walifanyia mikutano yao humo. Tangu 1912 Blue aliwafundisha kazi ya maktaba vijana weusi, wakiwemo waliotoka miji mingine ya kusini ambako milango ilikuwa imefungwa vile vile. Hata leo nyumba ile ni maktaba.

Ndugu zangu, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Akija mfadhili kutujengea maktaba, tumshukuru, lakini kwanza tumwulize: Nani atanunua vitabu mwakani? Nani atakaa kwenye meza ya msimamizi? Na je, yuko mtu atakayezuiwa mlangoni? Tusipokuwa na majibu yetu wenyewe, tutapewa kuta, na kuta hazimfundishi mtu kusoma.