Tunamwimbia Nani?

Hotuba ya katibu wa kwaya, Jubilei ya Miaka 25, Kitengela



Mambo ya sare, rekodi na safari zetu mtayasoma katika ripoti yangu kwenye kurasa zinazofuata. Leo naomba nizungumzie jambo moja ambalo halimo katika ripoti: ujasiri wa kumtii Mungu wakati mkubwa wa dunia anapotaka vingine.

Katika Danieli sura ya 3, Mfalme Nebukadneza alisimamisha sanamu ya dhahabu. Tunawakumbuka Shadraka, Meshaki na Abednego pamoja na lile tanuru. Lakini sisi wanakwaya tusiwasahau wanamuziki. Amri ilikuwa kwamba ala zikilia, kila mtu aanguke asujudu. Muziki ndio uliotumika kuwapigisha watu magoti. Wale vijana watatu hawakumtukana mfalme. Walimjibu kwa adabu kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa, hawatasujudu.

Wao waliokolewa. Si kila mtu huokolewa hivyo. Hapa Kenya, Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, Eldoret, alikemea ufisadi na unyakuzi wa ardhi wakati ambapo wengi walinyamaza. Mwezi Agosti 1990, waziri mmoja alimwonya hadharani asikanyage Busia, kwamba akienda huenda asitoke hai. Tarehe 14 Agosti alikwenda, akahudumia watu wake, na akiwa njiani kurudi gari lake likagongana na lori. Akafariki. Mpaka leo Wakenya wanauliza maswali kuhusu ajali ile. Mimi sina majibu, ila najua kwamba asubuhi ile angeweza kubaki nyumbani, na hakubaki.

Mfano wa pili ni wa juzi, nao unatugusa wanakwaya moja kwa moja. Jumapili, tarehe 17 Novemba 2024, Rais wetu alihudhuria ibada katika kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi. Alitoa shilingi 2,000,000 za nyumba ya mapadre, na shilingi 600,000 za kwaya na watoto wa parokia. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha zile zirudishwe, kwa kuwa kanisa halifai kutumiwa kwa mambo ya siasa. Hebu jiweke mahali pa mwekahazina wa kwaya ile. Pesa ya spika na sare imefika Jumapili, Jumatatu unaambiwa irudi.

Nasema hivyo kwa sababu sisi pia tulipita hapo. Wengi mnakumbuka. Uchaguzi ulipokuwa unakaribia, mheshimiwa fulani alituma ujumbe: tumtungie wimbo wenye jina lake, tuuimbe kwenye mkutano wake, naye atatununulia kinanda na sare mpya. Kinanda chetu kilikuwa kimekufa. Leo nakiri mbele yenu: mimi nilikuwa upande wa kukubali. Nilikuwa nimeshaandika hata bajeti.

Mama mmoja wa sauti ya pili akasimama, akauliza, "Mwalimu, tukiimba jina lake Jumamosi, Jumapili tutaimba la nani kwa mdomo huu huu?" Nilikosa jibu. Tulipiga kura, tukakataa kwa barua ya heshima. Tulilipa gharama. Waimbaji kadhaa walituhama, na wawili hawajarudi hadi leo. Naomba tuendelee kuwaombea. Tuliimba karibu mwaka mzima kwa ngoma na kayamba tu, mpaka michango yetu midogo midogo ilipotosha kununua kinanda mnachokisikia leo.

Wapendwa, sihubiri uasi. Warumi 13 inatufundisha kuheshimu mamlaka, na sisi tunalipa kodi na kumwombea Rais. Lakini katika Matendo 5:29, Petro na mitume walipokatazwa kumhubiri Yesu, walisema wazi kwamba inawapasa kumtii Mungu kwanza. Kisha wakapokea viboko. Walikataa amri ile moja, na hawakuikimbia adhabu yake.

Wengi wetu hatutaitwa mbele ya waziri. Tutaitwa na msimamizi kiwandani anayetaka tuandike saa ambazo hazikufanywa. Tutaitwa na bosi anayesema tupitishe karatasi za ploti ambayo tayari ina mwenyewe. Sisi walimu tutaambiwa tufumbe macho chumba cha mtihani. Hapo hakuna ala wala wasikilizaji, na kodi ya nyumba inadaiwa tarehe 5. Ndugu akipoteza kazi kwa kukataa, asikae peke yake. Kwaya imfikie nyumbani na unga mkononi, siyo wimbo tu.

Ombi langu kwa miaka 25 ijayo ni hilo. Mwaliko wowote ukija, mkubwa au mdogo, kabla hatujauliza tutalipwa nini, tuulize lile swali la mama yetu. Yupo hapa leo, amekaa mstari wa pili, na najua hapendi nimtaje jina.