Jinsia, Kipato na Ujuzi wa Kidijitali wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu: Wajibu wa Chuo



Kijana wa Kitanzania anayekwenda chuo kikuu leo hukutana na mtandao kabla hajakutana na mhadhiri. Maombi ya udahili ni ya mtandaoni, maombi kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni ya mtandaoni, na akishafika, usajili, ratiba na matokeo humsubiri huko huko. Mfumo huu umejengwa juu ya dhana kwamba kila aliyefaulu kidato cha sita anajua kutumia kompyuta. Mada hii inadai kwamba dhana hiyo ndiyo inayogeuza tofauti za malezi na kipato kuwa tofauti za ufaulu. Inadai pia kwamba hatutaielewa hali ya wasichana vyuoni tukiitenganisha na hali ya kipato cha nyumba walizotoka.

Kwa miaka mingi tulidhani tatizo ni kukosa vifaa na mtandao. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na simu janja zikaenea mabwenini. Hayo ni mafanikio ya kweli, lakini tuangalie kazi yenyewe ya mwanafunzi. Anayeandika ripoti ya utafiti bila kufundishwa Word hutengeneza orodha ya yaliyomo kwa kupiga nukta moja moja hadi ukingoni mwa ukurasa. Msimamizi akimwambia aongeze aya mbili, namba zote za kurasa huvurugika naye huanza upya. Mwenzake aliyekulia kwenye nyumba yenye kompyuta huisahihisha orodha hiyo kwa kubofya mara moja. Asiyeweza kabisa hupeleka kazi yake steshenari ichapwe, akalipia kila ukurasa kutoka kwenye bumu lile lile linalomlisha. Mwishoni wote watatu hupewa alama kana kwamba kilichopimwa ni hoja zao tu.

Watafiti wameliona jambo hili kwingineko. Eszter Hargittai, katika makala aliyoichapisha mwaka 2010, aliwachunguza wanafunzi zaidi ya 1,000 wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu kimoja cha umma mjini Chicago. Wote walikuwa wa kizazi kilichokulia kwenye intaneti, lakini ujuzi wao ulitofautiana sana, na wenye wazazi waliosoma zaidi walikuwa mbele. Huko Afrika Kusini, Laura Czerniewicz na Cheryl Brown walionyesha kwamba chuoni wamo wanafunzi wachache walioizoea teknolojia tangu utotoni, na wapo wengine ambao kompyuta ni kitu kigeni kwao hata kama simu wanayo. Simu hufundisha kuwasiliana na kutafuta habari. Haifundishi vizuri kuchambua takwimu kwenye Excel wala kupanga andiko la kurasa 60.

Kuhusu jinsia, ushahidi unahitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 2006 Hargittai na Steven Shafer waliwapima watu wazima nchini Marekani kwa kuwapa kazi za kufanya mtandaoni. Wanawake na wanaume hawakupishana sana katika kutenda, lakini wanawake walijikadiria chini zaidi. Upimaji wa kimataifa wa ujuzi wa kompyuta, ICILS, wa mwaka 2018, ambao haukuhusisha nchi yoyote ya Afrika, uliwakuta wasichana wa darasa la nane wakiwashinda wavulana kwa wastani. Kwa hiyo mwenye kudai kwamba wasichana hawana kipaji cha kompyuta hana pa kushika. Wanachokosa ni nafasi ya kutenda hadi wajiamini. Wanafunzi watatu wakiketi mbele ya kompyuta moja maabara, anayekamata kipanya ni yule aliyekwisha kuizoea, na mara nyingi msichana huachiwa daftari aandike maelezo. Maabara ikiwa na nafasi usiku tu, anayepanga nje ya chuo na kurudi kwa njia isiyo na taa huikosa. Hapa ndipo kipato kinapoingia: binti mwenye kompyuta mpakato chumbani kwake haguswi na saa za maabara, ilhali binti wa mkulima hana mahali pengine pa kujifunzia. Jinsia ni ile ile, lakini mzigo wake haulingani.

Wapo watakaosema vijana watajifunza wenyewe, kwa kuwa ni kizazi cha kidijitali, jina lililopata nguvu kutokana na maandishi ya Marc Prensky ya mwaka 2001. Ushahidi wa Chicago unatosha kulijibu dai hilo. Wengine wanahofu kwamba kuwasaidia wasichana kutashusha viwango. Hofu hiyo ipewe jibu la heshima. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilipunguza uzito wa uzoefu wa awali wa kuandika programu katika udahili na kikaweka kozi za kuanzia zinazolingana na uzoefu wa kila mwanafunzi. Wanawake walioingia kusoma sayansi ya kompyuta wakapanda kutoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi 42 mwaka 2000, na chuo hicho hakikupoteza hadhi yake. Makerere nayo inatupa tahadhari. Tangu mwaka 1990 iliwaongezea wasichana alama 1.5 za udahili, idadi yao ikakua, lakini wakosoaji walionyesha kwamba walionufaika zaidi walitoka familia zenye uwezo na shule nzuri. Hatua inayotazama jinsia peke yake huwafikia kwanza walio karibu na mlango. Wapo pia watakaosema vyuo havina fedha. Ni kweli, ndiyo maana mengi ninayopendekeza yanadai utaratibu zaidi kuliko bajeti.

Kwanza, wiki ya kwanza kila mwanafunzi apimwe kwa vitendo badala ya kuulizwa kama anajua, maana wanaojikadiria chini na wanaojikadiria juu wote hutupotosha. Pili, watakaoonekana wanahitaji wapewe kozi ya msingi yenye alama zinazohesabika, ifundishwe kupitia kazi halisi za fani zao. Tatu, maabara ziwe na saa za mchana zilizotengwa, na wanaofanya kazi kwa vikundi wapokezane kipanya kwa zamu. Nne, maktaba ziazimishe kompyuta mpakato, zikianza na wale ambao Bodi ya Mikopo imekwisha kuwatambua kuwa wahitaji. Tano, kila takwimu ya ufaulu ichambuliwe kwa jinsia na kipato kwa pamoja. Chuo kinachodai ujuzi ambao hakikuufundisha huwapa tuzo wazazi wenye uwezo na kuwaadhibu watoto wa wasio nao, na anayeadhibiwa zaidi ni binti. Hilo liko ndani ya mamlaka yetu kulirekebisha kuanzia muhula ujao.