Baridi Yabisi Si Ugonjwa Mmoja

(Maneno haya yalisemwa na muuguzi wa zahanati katika mkutano wa wazee na akina mama wa kambi. Tumeyachapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Tafadhali umsomee na jirani yako asiyejua kusoma.)



Leo tuzungumze juu ya viungo. Kiungo ni mahali mfupa unapokutana na mfupa: goti, nyonga, bega, kiwiko, kifundo cha mguu, vidole. Pale zahanati kila siku wanakuja watu wanaosema neno lile lile: "Nina baridi yabisi." Waliosoma Kifaransa kule Kongo husema rumatizimu. Nami huwauliza: Ni kiungo gani? Kimoja au vingi? Kilianza polepole, au kwa usiku mmoja? Asubuhi ukiamka kinakakamaa kwa muda gani? Una homa? Wengine hukasirika, wanaona ninawachelewesha, maana walichofuata ni vidonge. Lakini maswali hayo ndiyo kipimo changu cha kwanza. Baridi yabisi ni jina moja tulilolipa kundi la magonjwa yasiyofanana, na dawa ya huyu inaweza kumdhuru yule.

Jina lenyewe linatupoteza. Yabisi maana yake ni kukauka. Basi watu hufikiri kwamba baridi imeingia mifupani ikaikausha, na mama anakatazwa kunawa maji ya baridi, na mzee anavaa koti jua la saa sita. Baridi haileti ugonjwa huu. Ni kweli kwamba wengi husikia maumivu zaidi wakati wa baridi na mvua, na kujifunika kunawasaidia. Lakini chanzo kiko kwingine.

Tuanze na ule unaowapata watu wengi zaidi, hasa wazee, na hasa kwenye magoti. Ukila paja la kuku, mwisho wa mfupa utaona kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hiyo ni gegedu. Sisi pia tunayo, nayo inazuia mfupa usisagane na mfupa. Kadiri miaka inavyokwenda, gegedu hulika na kiungo chote huchoka. Hali hii huwapata zaidi waliopita miaka 50, wanawake kuliko wanaume, wenye uzito mkubwa, waliowahi kuumia goti, na waliofanya kazi nzito ya kuchuchumaa na kubeba mizigo. Dalili zake ni hizi: goti linauma ukitembea na linatulia ukipumzika. Asubuhi linakakamaa, lakini kabla ya nusu saa kupita limelegea. Hakuna homa.

Mwenye goti la namna hii huambiwa na watu wa nyumbani, kwa huruma, alale tu. Huruma hiyo inamwumiza. Goti linashikwa na misuli ya paja, na misuli isiyofanya kazi hunyauka upesi, kisha goti linabaki bila mwenye kulisaidia. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni mazoezi, nayo haipangiwi foleni. Keti juu ya kiti au dumu lililojaa. Nyosha mguu mmoja mbele mpaka goti linyooke kabisa, kaza paja, hesabu moja mpaka tano, shusha polepole. Fanya mara 10, kisha mguu wa pili. Asubuhi na jioni, kila siku. Usitazamie kitu wiki ya kwanza. Baada ya wiki sita hivi wengi wanaona tofauti wakiinuka. Kuuma kidogo wakati wa zoezi si hatari. Maumivu yakizidi na kubaki mpaka kesho yake, punguza idadi.

Ukitumia fimbo, ishike kwa mkono wa upande mwingine. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na fimbo na mguu mbovu viende mbele pamoja. Nimetazama wazee wengi njiani, na karibu wote wanaishika upande uleule wa goti bovu. Ukiibadilisha mkono utasikia nafuu siku hiyohiyo.

Halafu maji. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, na magoti ndiyo yanayolipa. Mwenye goti bovu achote kwa madumu ya lita 5, moja kila mkono, hata kama atakwenda mara mbili, au vijana wa nyumba wamchotee. Vijana, hapa ninasema nanyi. Jiko nalo liinuliwe kwa matofali ya udongo ili mama apike akiwa ameketi juu ya kiti, si kwa kuchuchumaa. Choo cha shimo ni taabu kubwa zaidi, ingawa wazee wanaona haya kuisema. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu kinatosha, na fundi seremala yeyote wa kambini anaweza kukitengeneza.

Kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, ukikiweka juu ya goti kwa dakika 15 au 20, hupunguza kukakamaa. Kipime kwanza kwa upande wa ndani wa mkono, hasa kwa mwenye kisukari, maana ngozi yake huweza kuungua bila yeye kusikia. Lakini kiungo kilichovimba, chenye joto, kisiwekewe moto wala kukandwa kwa nguvu. Hicho kipewe kitambaa cha maji baridi na kipumzishwe. Na tuache kuchanja kwa wembe. Chale haifiki kwenye kiungo, ila inaweza kuingiza vijidudu, na wembe wa pamoja huambukiza ukimwi na homa ya ini.

Ugonjwa wa pili ni tofauti kabisa. Hapa kinga ya mwili, ile inayopigana na maradhi, inageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na si wazee peke yao: mama wa miaka 30 au 40 anaupata. Unapenda viungo vidogo vya mikono, viganja na miguu, pande zote mbili kwa pamoja. Vinavimba. Asubuhi mikono inakakamaa saa nzima na zaidi, mama hawezi kufunga kanga wala kufungua kifuniko. Anachoka, anakonda. Ukiachwa, vidole hupinda na havinyooki tena. Ugonjwa huu una dawa zinazouzuia, lakini hutolewa hospitali ya rufaa kwa vipimo vya damu. Mojawapo inaitwa methotreksati, na humezwa mara moja tu kwa wiki. Ukiimeza kila siku ni sumu, na mwenye mimba haruhusiwi kabisa. Mama mwenye dalili hizi zikipita wiki sita asingoje vidole vipinde. Aje achukue barua ya rufaa.

Jongo linajitambulisha lenyewe. Mwanaume analala mzima, usiku wa manane kidole gumba cha mguu kinawaka, chekundu, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Ni chumvi za asidi fulani iliyozidi katika damu, zimejikusanya kwenye kiungo. Pombe huchochea, hasa bia na pombe zetu za nafaka, na pia maini, figo na nyama nyekundu kwa wingi. Dagaa wengi kwa mara moja nao wamo. Watu husema eti ni ugonjwa wa matajiri, na kwamba maharage huuleta. Maharage ya mgao kuleni bila hofu. Kinachotakiwa ni kunywa maji ya kutosha na kupunguza pombe, na kuja zahanati.

Yako mengine nitayapitia haraka. Homa ya chikungunya huletwa na mbu wanaouma mchana, na maumivu yake ya viungo huweza kubaki miezi. Jina lake ni la Kimakonde, lina maana ya kupindika, kwa sababu ilitambuliwa kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na wagonjwa walitembea wamejikunja. Wanaokunywa maziwa mabichi huweza kupata homa ya brusela, homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, mgongo na nyonga zinauma. Chemsheni maziwa. Kifua kikuu nacho hakikai kifuani tu: mgongo unaouma wiki kwa wiki, na mtu anakonda, upimwe. Kijana ambaye goti limevimba baada ya kuhara damu au baada ya kisonono aseme ukweli wote kwa mganga, faragha ipo.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wazazi. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kina joto, hakigusiki, pamoja na homa, si baridi yabisi ya kungoja. Huenda usaha umeingia ndani ya kiungo. Usaha huo huharibu gegedu kwa siku chache, na huweza kuua. Mtoto aliyekuwa akikimbia jana, leo ana homa na anakataa kukanyaga, au mtoto mchanga anayelia kila ukimgusa mguu, aletwe siku hiyohiyo. Ni usiku? Aletwe usiku. Usimkande, usimfunge majani, usiseme aliteguka wakati akicheza. Anahitaji kutolewa usaha na kuchomwa sindano za dawa hospitalini, na kila siku ya kuchelewa inaweza kumwacha kilema.

Kuna mtoto mwingine ambaye maumivu yake yanahama: leo goti, keshokutwa kifundo, halafu kiwiko. Mara nyingi ana miaka kati ya 5 na 15, na wiki mbili au tatu kabla yake aliumwa koo. Hiyo ni homa ya rumatiki. Viungo vyake vitapona, hata bila dawa, na hapo ndipo wazazi hudanganyika, kwa sababu ugonjwa unahamia kwenye moyo na kuharibu milango yake. Mtoto huyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na sindano hizo hazikosi hata akiwa anacheza mpira. Na mtoto mdogo ambaye mikono na miguu huvimba na kuuma mara kwa mara, macho yana manjano, apimwe selimundu, ugonjwa wa damu ambao unaonekana sana kwa watu waliotoka Kongo.

Mwisho, vidonge vya sokoni. Mnavijua: vinauzwa kwa kuhesabu, ndani ya karatasi, bila jina, na muuzaji anasema ni dawa ya mifupa. Mzee akimeza, kesho yake anatembea. Mimi sikatai kwamba anatembea. Ila mara nyingi ndani yake mna deksamethasoni au prednisoloni. Hizi ni dawa za kweli, hata sisi tunazitumia kwa magonjwa fulani na kwa kipimo. Zikimezwa miezi kwa miezi bila mwangalizi, mashavu hujaa, watu wanamsifu kwamba amenenepa, na kumbe mifupa inadhoofika hata kuvunjika kwa kuanguka kidogo, sukari na shinikizo la damu vinapanda, na mwili haupigani tena na maradhi. Na kama umezimeza kwa muda mrefu, usiache kwa siku moja! Mwili umesahau kutengeneza ya kwake, na kuacha ghafla kunaweza kukuangusha. Njoo tukupunguzie kidogo kidogo.

Kwa maumivu ya kawaida anza na parasetamoli: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, asirudie kabla ya saa 6 kupita, na asizidi vidonge 8 kwa siku nzima. Aliyekonda sana, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe aulize kwanza, kipimo chake ni kidogo zaidi. Ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi kwenye uvimbe, lakini humezwa baada ya kula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbovu, mwenye shinikizo la damu na mama mjamzito wasizimeze bila kuuliza, na mtu asizichanganye zote mbili.

Mzee mmoja ameniuliza hapa: kama gegedu imekwisha kulika, mazoezi ya nini? Mzee wangu, gegedu haitaota tena, hilo sikufichi. Lakini nyumba yenye ukuta mbovu ukiitegemeza kwa nguzo nzuri inakaa, na nguzo yako ni paja.

Mkija zahanati, njooni na kila dawa mnayomeza, hata ile ya kwenye karatasi. Hatutamwuliza mtu aliinunua kwa nani.