Buba kwa Kulinda Mbegu za Maharagi



Leo shauri letu ni buba. Mti huu mnaujua: watu huponda majani yake, huyatia mtoni, na samaki huelea. Dawa ile ile huwaua wadudu wanaotoboa maharagi, na mimi naona hiyo ndiyo kazi yake njema. Mtu wa karibu na Kolwezi akitunza mbegu zake mpaka mvua za kwanza, hana haja ya kuzinunua kwa bei ya soko la mgodini. Lakini akifungua kapu akakuta vumbi na matundu, atapanda nini?

Sumu ya namna hii Mfaransa Emmanuel Geoffroy aliitoa katika mti mwingine. Mwaka 1902 Mjapani Kazuo Nagai akaipa jina rotenoni. Humzuia mdudu kutumia hewa anayovuta. Basi nguvu zinamwisha, anaacha kula, anakufa. Samaki huipata upesi kwa matamvua yake. Mtu hafi upesi hivyo, lakini ni sumu kwake pia.

Sasa fanyeni hivi. Chumeni majani, myaanike kivulini, maana jua kali huiharibu dawa. Yakikauka, yatwangeni na kuyachekecha. Maharagi nayo yawe makavu sana. Kwa vikombe 20 vya mbegu tieni kikombe 1 cha unga wa buba, mgeuze mpaka kila punje ipate, kisha mfunge mtungi. Nasema mbegu, si maharagi ya chungu!

Mwingine atasema: nilifanya hivyo, wadudu hawakufa. Yawezekana. Wataalamu walioupima mti huu Malawi waliona kwamba buba nyingine, ingawa kwa macho ni ile ile, haina sumu hiyo. Kwa hiyo jaribu kwanza: tia maharagi machache, unga, na wadudu hai katika chupa. Baada ya juma moja wakiwa wanatembea, mti ule usiuchukulie mbegu; tafuta mwingine.

Anayetwanga afunge pua na mdomo kwa kitambaa. Kinu cha buba kisitwangiwe mihogo tena. Wala maji ya kuoshea kinu yasimwagwe kijitoni, kwa sababu buba haichagui: huua samaki mkubwa pamoja na watoto wake, na mwaka ujao nyavu hutoka tupu.