Kabla Hamjalipia Lile Shamba la Miembe

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia

Kikundi kimoja kati yenu kimepata habari ya shamba linalouzwa huko Makueni. Ni ekari 5, miembe imekomaa, nyumba ya mabati iko, na mwenye kuuza anataka malipo ya kwanza kabla ya mwezi huu kwisha. Wanachama wameweka akiba miaka mingi, shilingi kwa shilingi. Sasa wanasema, tukipata shamba hili tutajitegemea, mambo ya kununua chakula dukani yataisha. Wametuomba tuseme neno.

Neno letu ni kwamba shamba hilo mmeliona Januari. Januari kila shamba la miembe huko Ukambani ni zuri. Mvua za vuli zimenyesha kuanzia Oktoba, majani ni kijani, na maembe yananing'inia tangu Desemba mpaka karibu Machi. Mtu akisimama chini ya mti kama huo hawezi kuona njaa. Lakini Septemba ni mwezi mwingine kabisa. Kama muuzaji hawezi kungoja mpaka Septemba, basi waulizeni kina mama wa jirani, si yeye: kiangazi mnateka maji wapi, ni mwendo wa saa ngapi, na je, maji hayo yana chumvi? Visima vingi vya upande ule vina maji ya chumvi. Mwembe mkubwa una mizizi ya kwenda chini sana, utavumilia. Mtoto, mbuzi na mche mchanga hawavumilii. Tazameni pia kama kuna mto wa mchanga karibu, na kama watu wa pale wamejenga bwawa la mchanga kwa mwethya. Penye bwawa kama hilo, watu huchimba mchangani na kupata maji hata mto ukiwa umekauka juu. Sisi tungependa ekari 3 zenye maji kuliko hizo 5 zisizo nayo.

Tuje kwa miti yenyewe. Miembe ikipandwa mita 10 kwa 10, ekari moja huchukua miti kama 40. Kwa hiyo hapo mnaambiwa habari ya miti 200, na mtu akianza kupiga hesabu ya debe kwa debe anaona ameshatajirika! Polepole. Mwembe una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja, halafu mwaka unaofuata unapumzika. Ulizeni mavuno ya miaka mitatu. Ulizeni pia maembe yaliyoko juu ya miti sasa ni ya nani, maana mabroka hununua mti mzima matunda yakiwa bado mabichi, na pengine mazao mnayoyatamani yameshauzwa. Aina nayo ni muhimu: Apple, Kent na Ngowe zina soko; maembe ya kienyeji yenye nyuzi bei yake ni ya chini, ingawa mti wa namna hiyo unaweza kukatwa na kubebeshwa aina nyingine, mkingoja misimu kadhaa.

Halafu okoteni maembe yaliyoanguka, myapasue. Mkikuta funza, huyo ni inzi wa matunda. Aina iliyo mbaya zaidi ilionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003, na kwa ajili ya inzi hao nchi yetu iliacha kupeleka maembe soko la Ulaya tangu 2014 hadi 2021. Dawa ya kwanza ni kazi ya mikono: kuokota yote yaliyoanguka na kuyafukia futi 2 chini, au kuyafunga ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani. Mwenye shamba ambaye hafanyi hivyo anawafugia nyinyi inzi.

Na chakula je? Familia ya watu sita hula karibu magunia sita ya mahindi kwa mwaka. Maembe hayasagwi unga. Kama miti ni mizee na matawi yake yanagusana, chini yake ni kivuli, ndengu na kunde hazitazaa. Msione huruma kung'oa miti mingine, hasa iliyo dhaifu, ili mpate nafasi ya mbaazi, kunde, ndengu na mtama. Pandeni pia mipapai, mipera na milimau. Mpapai huzaa karibu mwaka mzima ukipata maji. Wataalamu wa ICRAF wamefundisha wakulima wa huko Ukambani kuchanganya miti namna hiyo, mti mmoja ukimaliza mwingine uanze.

Sasa karatasi, na hapa tutasema kwa ukali kidogo. Hati ya shamba ina jina la nani? Fanyeni uchunguzi katika ofisi ya kusajili ardhi, msikubali nakala ya mfukoni. Mara nyingi jina ni la baba aliyekwisha kufa, na anayeuza ni mwanawe. Huyo hana la kuuza mpaka mahakama ithibitishe urithi, hata kama chifu anamjua na majirani wanamsifu. Kama muuzaji yuko hai na ana mke, mke naye akubali, tena kwa maandishi. Mapatano yaandikwe na yawe na mashahidi. Ardhi ya kilimo lazima ipite kwa bodi ya ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita, maana bila kibali cha bodi sheria haiyatambui mapatano yenu. Mpima ardhi awaonyeshe mipaka mkiwa mmesimama juu yake. Tena wekeni kando ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa shamba la mashambani, na pesa za wakili.

Hati mpya isiandikwe jina la mwenyekiti peke yake. Tunampenda mwenyekiti, lakini akifa shamba litahesabiwa mali yake, na watoto wake hawakuwa katika mikutano yenu. Mwulizeni wakili habari ya wadhamini, au ya kujisajili kuwa chama cha ushirika, ambacho sheria inakihesabu kama mtu anayeweza kumiliki.

Malipo ya kwanza yangoje mpaka uchunguzi wa hati urudi. Broka akisema kuna mnunuzi mwingine njiani, mwambieni apite. Wanaotaka kwenda kulitazama hilo shamba pamoja nasi wampe katibu majina leo. Kila mtu aje na jembe, kisu cha kupasulia maembe, na chupa ya kuchukulia maji ya kisima tuyaonje.