Mna Kitoweo?



Sisi tukaao pwani, toka Kilifi hata Malindi, twaijua miezi ya Juni na Julai. Kusi huvuma kwa nguvu, manyunyu hupita na kurudi, na alfajiri baridi ya kipupwe humfanya mvuvi ajitande shuka. Nje ya mwamba bahari haiendeki kwa mtumbwi. Basi wengi huvua ndani, katika hori za Kilifi na Mida, kwa mshipi na malema, wakitafuta tafi na changu. Hali ya hewa hugeuka mara tatu kwa siku moja, na hata wazee waliokulia majini hukosea.

Tumemwona mwenzetu akirudi mikono mitupu. Hakupita njia kuu. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwani dukani anadaiwa unga. Kikapu alikifunika kwa majani, mtu asije akauliza.

Sasa tufungue Yohana sura ya 21. Petro na wenzake wamekesha katika bahari ya Tiberia (ni ziwa, ingawa yaitwa bahari) wasipate kitu. Kulipokucha, mtu aliye ufuoni anawauliza kama wana kitoweo. Wangaliweza kujibu kwamba wamepata kidogo. Walisema hawana. Ndipo walipoambiwa watupe jarife upande wa kuume, wakapata samaki wakubwa 153.

Nao waliposhuka pwani, walikuta moto wa makaa umekwisha kuwashwa, na samaki juu yake, na mkate. Wala wao walikuwa hawajaleta hata samaki mmoja.